Tundu la Pili

Mjukuu wangu Aline,

Bwana asifiwe huko Columbus. Sisi Buffalo tu wazima. Goti la bibi yako limepoa, anapanda ngazi za kanisa bila kunishika mkono.

Umeniuliza namna ya kumwaga maji ya boila ya kupashia nyumba joto ili utoe rejeta, lile bamba la chuma la ukutani linalopitisha maji ya moto, upake rangi ukuta wa nyuma yake. Bibi yako amenitonya kwamba kabla yangu ulimpigia simu Zakaria. Haya.

Zakaria tulikuwa naye kambi ya wakimbizi Tanzania. Tulipohamia hapa mtaa wa Riverside, kanisa zima lilimwita fundi, na bibi yako alimsifu mbele yangu. Nikaona wivu. Rejeta yetu ilipovuja, nikakataa asiitwe. Nilizima boila, nikaiacha ipoe, nikafunga maji yanayoingia, nikafungulia koki ya chini. Maji yalitoka kidogo yakakoma. Nikadhani yamekwisha. Nilipolegeza rejeta kwa spana, maji meusi yalilowesha zulia lote.

Bibi yako akamwita Zakaria. Alipanda juu, akafungua kivalvu cha hewa kwenye rejeta ya ghorofani, na huku chini koki ikaanza kububujika.

"Ndugu yangu," akasema, "kambini kopo la mafuta ya mgao ulikuwa unalitoboa matundu mangapi?"

Mawili: moja la mafuta, la pili la kuingiza hewa. Nilijua hilo tangu ujana wangu. Wivu ndio ulionisahaulisha.

Basi ukishafungulia koki, panda ufungue hewa juu. Na kama Zakaria alikuambia hivyo hivyo, usiniambie.

Babu yako,
Elia