Ngoma ya Kijito cha Quaggy

Jumatatu, 12 Mei
Salaam, daftari langu, u mzima? Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila miguu. Asubuhi nimemwogesha Bi Jean, nimempikia uji wake wa shayiri, anautia chumvi! Mskochi huyu. Leo kanipa siri. Katunga ngoma ya kwao, ya watu wanane, akaiita kwa jina la Quaggy, kijito kinachopita nyuma ya nyumba yake hapa Lewisham. Haijachezwa hata mara moja. Na Jumapili mwanawe anakuja kumhamishia Edinburgh, moja kwa moja. Anataka aione ikichezwa kabla hajaondoka. Wenzake wa kikundi cha ngoma wamebaki saba. Akaniangalia. Nikajitia nakunja mashuka.

Alhamisi, 15 Mei
Nimekubali, maana wote ni wanawake. Mazoezi mabaya. Kila nikipewa mkono, macho yangu chini. Ndivyo nilivyolelewa, mkubwa humkodolei macho, na hawa wote ni bibi zangu. Kumbe ngoma yao yaendeshwa kwa macho: mwenzio anakutazama, ndipo unajua zamu yako. Mimi nikapitiliza hadi ukutani.
“Zaituni, umedondosha sindano?” akauliza Bi Margaret, kiongozi wao. Wakacheka. Nami nikacheka, lakini aibu.

Ijumaa, 16 Mei
Naogopa. Nikiiharibu, Bi Jean hana siku nyingine. Nimemwambia atafute mtu.
“Nimtoe wapi? Wenzangu wengine wako makaburini.”
Nimeswali. Mola, nisaidie. Sitaki kumvunja moyo huyu mama.

Jumamosi, 17 Mei
Bi Jean mbele, kwenye kiti cha magurudumu. Muziki ukaanza. Zamu yangu ikafika, macho yakaanguka yenyewe.
“Zaituni! Uso juu!”
Bi Jean huyo. Sijapata kumsikia akipaza sauti. Basi mkubwa keshaamuru, na kumtii ndiyo heshima yenyewe. Nikainua uso. Bi Margaret kanikodolea, anatabasamu. Nikampa mkono, nikazunguka, nikapokewa na mwingine. Tukapita tukipindana, mmoja nyuma ya mwenzake, mpaka mwisho. Hatukukatika, kama maji ya kijito. Bi Jean hakupiga makofi. Alikuwa analia.

Jumapili, 18 Mei
Wameondoka baada ya chai. Nimebaki kufunga madirisha na kutoa taka. Nyumba kimya. Maji yanasikika huko nyuma, nilikuwa siyasikii.
Mungu awafikishe salama. Bi Jean, ukifika nipigie, mama. Usikawie.