Wanja wa Mama

Katanga

Dada yangu Bi Mize,

Assalamu alaykum. Magoti yametulia, au bado unakwenda kisimani kwa kushika ukuta? Mimi nashukuru, ila baridi ya huku haina adabu kwa mzee.

Kijiwe alichokuletea mkweo kutoka Maskati kimefika, ndani ya kipande cha kanga yako. Niliinusa kanga kwanza. Ilunga, mwenzangu katika chumba cha kupimia mawe ya mgodi, akacheka: "Mzee, unanusa jiwe kama mchuzi?" Nikamjibu, "Nyamaza wewe, limetoka kwetu." Hapa sina mtu nitakayemwambia "kwetu" akajua ni wapi.

Umeniuliza kama ndio wanja wa kweli, umsagie mjukuu wako apakwe siku ya arobaini yake. Naandika leo hii ili barua iwahi. Usimpake, Mize. Ithmidi, jiwe la wanja wa kweli waliolisifu wanavyuoni, likipasuka hutoa nyuzi kama sindano. Jiwe hili nililigonga polepole, likakatika vijisanduku, pembe sawasawa, na ni zito kuliko umbo lake. Ndani yake mna risasi, ile ile ya chubwi za kuzamishia mishipi yetu. Ni sumu. Nimewaona waliovuta vumbi lake wakishindwa kuinua kikombe.

Wachimbaji wa Kijerumani wa zamani waliliita jiwe moja kwa jina la jini, kobalti, kwa kuwa liliwahadaa kama fedha, kisha likawatia maradhi. Sisi hili tumeliita wanja, tukalikaribisha machoni.

Lakini vile vijisanduku nilivijua. Ndivyo vilivyoruka mama alipokuwa akitwanga wanja wake, nasi tukigombania kuviokota. Asubuhi niliyoondoka alinipaka, akasema, "Usilie, utachafua uso." Nikajizuia mpaka bandarini Wete. Tangu hapo hakuna aliyenishika uso.

Usiseme mama alikosea. Alitupatia alichokijua kuwa kizuri. Wewe kinga masizi ya taa ya mafuta ya nazi, changanya na samli, umpake mtoto kwa dua zile zile za mama.

Nisalimie mwanao mzazi, na mumewe baharia, asione haya kwa zawadi yake. Nisalimie na jirani yetu msuka ukili wa mikeka, kama yu hai.

Kijiwe sikirudishi. Nimekifunga tena katika kanga, kipo karibu na mto wangu wa kulalia. Machoni hakifai, lakini kimepita mikononi mwako.

Kakako,
Hamad