Dakika Mbili kwa Kila Mtu

Jumatano, 3 Septemba 2025

Ushirika wa leo ulikuwa kwa Makau, Komarock Awamu ya Pili. Waliofika 17 kati ya 19. Asilimia 89! Kikundi cha Kayole kina watu 31, juzi walifika 12, na bado wanajisifu kanisani.

Tumeanza saa kumi na mbili na dakika nne, tumefunga saa moja na nusu. Maombi dakika 34. Kabla sijaleta sheria yangu mwezi wa Januari tulikuwa tunatoka saa tatu, chai imekuwa maji, watoto wa mwenye nyumba wamelala kwenye makochi. Sasa ni dakika mbili kwa kila mtu. Mwenye jambo refu anasema tu "la moyoni", tunamwombea, hakuna kuulizana. Makau anashika saa ya simu.

Ukweli usemwe, sheria ilitungwa kwa ajili ya Wayua. Siku moja nilimpima — dakika kumi na tisa! Kifua, shangazi wa Kitui, ndoto, halafu anarudi kwa kifua. Na akimaliza yake anaanza kuuliza ya wengine: "Na ile kesi yako, Mama, ilifikia wapi?" Tangu Januari zamu yake ikifika anainamisha kichwa: "La moyoni." Basi. Sekunde mbili.

Lakini zamu ya kutukaribisha nyumbani kwake ameruka tena. Mara ya tatu! Ati nyumba inapakwa rangi. Nyumba gani hiyo, Ikulu? Mimi nimepokea watu mara tano mwaka huu, na viti ni vyangu, na pikapu ya kuvibeba ni yangu.

Zamu yangu ilipofika nilisema kama kawaida: "Nashukuru Mungu, niko salama."

Sina usalama wowote. Jana daktari ameniambia uvimbe ulio kwenye mfuko wa uzazi umekua, na damu imepungua mwilini kiasi kwamba haelewi vipi nabeba viti. Upasuaji tarehe 18. Siku kumi na tano.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimerudi hospitali kuchukua fomu. Muuguzi, msichana mpole, ameweka kidole kwenye mstari mmoja: jina la mtu utakayekuja naye. Lazima awepo mwenyewe siku nzima, daktari akihitaji kuongea na mtu amwone. Nikasema nina binti, Winny. Yuko wapi? Doha. "Mama, si wa simu. Wa kukaa hapa kwa benchi."

Jioni nimeketi dukani na simu. Majina 412. Nimeyapitia yote, moja moja. Ndunge Hema Kubwa. Makau Viti 80. Mama Harusi Ruai. Matanga Umoja Block C. Kila mtu nimemweka kwa kile alichokodi! Kaka yangu yuko Kibwezi na hatujasemezana tangu tugawane shamba la baba. Baba Winny ana mke mwingine na mgongo mbovu.

Nilianza na viti ishirini mwaka wa 2009, nikivibeba kwa mkokoteni. Leo ni 400 na mahema sita. Mtaa huu wote nimeshaukalisha, kwa harusi na kwa matanga. Wa kukaa kwenye benchi moja na mimi sijampata. Nimefunga duka mapema.

Jumapili, 7 Septemba

Pasta Ngui yuko wiki ya nne ya somo lake la ushirika wa kweli. Zimebaki mbili. Leo ametuambia kila mtu amgeukie jirani, amshike mkono, amtazame machoni na kumwambia, "Nakuhitaji."

Nikamgeukia Ndunge. Akanishika mkono vizuri kabisa. "Mama Winny, nakuhitaji." Halafu akasogea sikioni: "Viti hamsini, Jumamosi ya tarehe ishirini. Na hema, lakini si lile lenye kiraka."

Nikaandika kwenye karatasi ya matangazo. Kazi ni kazi. Lakini tarehe ishirini nitakuwa na mshono tumboni, na sikusema.

Baada ya ibada Pasta alinishika bega mbele ya watu. Ati kikundi chetu ndicho mfano. Anataka Jumapili ijayo niwafundishe viongozi wote tisa sheria ya dakika mbili. "Mama, wewe una karama ya utaratibu!"

Nimechoka. Nikipanda ngazi za kanisa nasimama mara mbili, najifanya nasalimia watu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimesema! Nusu.

Nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi kwenye pikapu. Nina upasuaji tarehe kumi na nane, naogopa, nahitaji mmoja wenu aje akae na mimi. Sentensi moja. Lakini Makau alipobonyeza simu na wote wakainua macho — Mama Viti ana nini leo? — mdomo ukajisemea wenyewe: "Nina upasuaji mdogo wiki ijayo. Mniombee."

Wakaomba, siwezi kuwasingizia. Makau aliomba mpaka kikombe kikaanguka. Alikemea kisu, akakemea ganzi, akafunika hospitali nzima pamoja na maegesho. Halafu wakati wa chai: "Tuko pamoja, Mama Winny." Nimehesabu. Watu kumi na mmoja wameniambia tuko pamoja. Ndunge akaongeza, "Wewe? Wewe ni chuma! Hata hiyo ganzi itakuogopa." Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Hakuna aliyeuliza ni upasuaji wa nini. Wala saa ngapi, wala hospitali gani. Nilikasirika njia nzima, mpaka nikakumbuka sheria ni ya nani. Hakuna kuulizana. Na mimi mwenyewe nilitumia sekunde ishirini na tano. Tisini na tano zilibaki pale mezani, bure.

Wayua peke yake hakusema tuko pamoja. Aliniangalia, akafungua mdomo, akaangalia simu ya Makau, akaufunga.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimempigia Wayua mara nne. Mteja hapatikani. Nitamwendea kwake. Mjane, watoto wameolewa, hana duka la kufungua Alhamisi. Ukipiga hesabu, yeye ndiye anayefaa.

Na tena nataka kuiona hiyo rangi.

Jumamosi, 13 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Nimefika mlango wa Wayua saa nne asubuhi. Ukuta ni ule ule wa kijani kuukuu, haujaona brashi tangu matanga ya mumewe. Nikasema moyoni, aha, nimekukamata! Nikabisha kwa nguvu.

Akafungua mama mwingine. Mtandio, mikono ina unga. Karibu mama, karibu ndani. Jina lake Muhiba, mumewe ana duka la vitambaa Eastleigh. Nikamuuliza Wayua yuko wapi. Akanitazama kama ninayetaka kulipa kwa pesa za zamani.

"Bi Wayua alihama Februari. Shemeji yake, ndugu wa marehemu, aliitaka nyumba yake. Sisi ndio aliotupangisha. Yuko mtaa wa Baba Dogo."

Nikasema haiwezekani, kila Jumatano tuko naye kwa ushirika hapa hapa mtaani.

"Ndiyo," Muhiba akasema. "Hufika mapema, saa kumi hivi. Huja hapa tunakunywa chai akingoja saa yenu. Baadaye hupanda gari kurudi." Akapangusa unga mikononi. "Nyinyi wa kanisani... hamkujua?"

Nikaomba maji. Akaniletea na mahamri mawili, na sikuweza kukataa.

Nikaendesha pikapu hadi Baba Dogo, kwa maelekezo yake. Chumba kimoja, nyuma ya kiwanda cha sabuni, mlango wa sita. Wayua alikuwa nje, anafua mashuka ya watu. Beseni tatu. Ndiyo kazi yake sasa. Aliponiona hakuinuka.

"Mama Winny. Umekuja kuhesabu nani?"

"Wayua, kwa nini hukutuambia?"

"Nilisema."

"Lini?"

"Kila Jumatano. La moyoni, la moyoni, la moyoni. Ulitaka niseme kwa kipaza sauti?" Akakamua shuka. "Siku ile shemeji alitoa vitu nje nilikuja kwa ushirika na viatu vya mvua kwa sababu vingine vilikuwa kwenye gunia. Wewe uliniambia nifute miguu."

Nakumbuka. Nilimwambia afute miguu.

Nimehesabu tangu nifike nyumbani. Kuanzia tarehe 12 Februari, siku ya vile viatu, hadi tarehe 10 hii ni Jumatano 31. Alikosa moja, ile ya mafuriko. Thelathini kamili. Kila moja niliandika kwenye ripoti ya Pasta: yupo.

Nilikunja mikono ya blauzi nikashika upande wa pili wa shuka tukakamua pamoja, maana kusimama tu ni aibu. Baada ya shuka la pili tumbo likakata, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hapo nikamwambia. Alhamisi, hospitali, benchi. Nahitaji mtu.

"Kwa nini mimi? Si una watu kumi na tisa?"

"Kumi na wanane, mimi nikijitoa."

Hakucheka. Akasema, "Alhamisi ni siku ya mashuka ya gesti." Halafu akasema ataona. Nilipogeuka kuondoka aliniita. Nikadhani amekubali. Alitaka tu nimsogezee ndoo.

Jumapili, 14 Septemba

Viongozi tisa, kalamu tayari. Pasta amenitambulisha dakika sita nzima, mimi niliyekuja kufundisha dakika mbili. Nikasimama. Siwezi kumtaja Wayua, habari ni yake si yangu. Nikasema, "Sina cha kufundisha. Hiyo sheria msiichukue. Inafanya kazi mno."

Wakapiga makofi! Pasta akafuta macho: "Mmeona unyenyekevu?" Kiongozi wa Kayole ameniomba nimtumie sheria kwa simu.

Nimeenda kukaa kwenye pikapu mpaka watu wakaisha.

Jumanne, 16 Septemba

Simu ya Wayua bado haipatikani. Kwenye grupu la ushirika wametuma picha za mikono ya kuomba, nimehesabu 46. Ndunge ameuliza kama hema lile zuri liko. Nikamjibu liko, lakini tarehe ishirini nitakuwa hospitali, mishono ya tumbo, atafute wa kulipakia. Akajibu, "Ai! Kumbe ni kubwa?" Halafu alianza kuandika. Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akatuma mikono. 47.

Muuguzi amepiga. Jina la mtu wako, mama? Nikamwambia nitakuja naye. Uongo mtupu, nimesimama katikati ya viti vyangu.

Winny ameongea nami kwa video. Nimemwambia nina mtu.

Alhamisi, 18 Septemba

Hospitali. Saa moja na dakika arobaini asubuhi. Naandika kwenye benchi, bado sijaingia.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu, nikakaa peke yangu na mfuko wangu. Saa moja kasoro dakika kumi — Wayua! Kitambaa kichwani, vidole vimejikunja kwa sabuni. Ametembea kutoka steji ya matatu. Nikainuka.

"Kaa chini. Usinishukuru, sijamaliza kukasirika. Mashuka nimeyaloweka tangu jana, yatanisubiri mpaka jioni."

Akakaa. Kati yetu nafasi ya mtu mmoja. Nikatoa fomu, nikaandika jina lake kwenye ule mstari, nikampa kalamu aweke sahihi mahali pa shahidi. Nilidhani ataweka tu. Watu huweka tu.

Amesoma yote. Polepole, kwa kidole, midomo ikisogea. Akafika mahali, akarudi juu, akasoma tena.

"Hapa wamesema wanaweza kutoa mfuko wote wa uzazi."

"Ndiyo."

"Na kilichotolewa kipelekwe maabara, waone kama ni kibaya."

"Ndiyo."

"Ulituambia upasuaji mdogo."

Akanirudishia kalamu. "Hapa imeandikwa nimeelezwa na nimeelewa. Mimi sijaelezwa. Siweki sahihi kwa kitu sikijui, Mwongeli. Anza mwanzo."

Miaka sita hajawahi kuniita kwa jina langu. Nikamwambia wamebaki wanne tu mbele yetu. Akasema amewaona.

Basi nikaanza. Nimemwambia Machi, harusi ya Ruai. Viti mia mbili vyeupe, wageni hawajafika, nikakaa kidogo nipumue. Nilipoinuka kiti chote kilikuwa damu. Nilijifunga leso, nikakifuta kwa maji ya chupa, nikakirudisha kwenye safu, kisha nikasimama mbele yake mpaka bibi harusi alipoingia. Sikumwambia mtu. Hata daktari sikumwambia ya hiyo siku. Hapo nikaona aibu, watu wanaangalia, nikashika mfuko wangu.

Wayua akasogea. Ile nafasi ya mtu mmoja ikaisha.

"Halafu?" akasema.

Hapo hapo muuguzi akatoka na faili: "Mwongeli Nzivo! Uko na mtu wako? Fomu imesainiwa?" Wale wanne walishaingia, sikuwaona wakiondoka.

Wayua ameinuka kabla yangu. Namwona kaunta sasa hivi, amemwekea muuguzi kidole usoni, anamwambia apitishe mwingine kwanza, sisi hatujamaliza kuongea. Muuguzi anamwonyesha saa ya ukutani. Wayua haiangalii. Fomu iko hapa mapajani kwangu, jina lake lipo, sahihi haipo, na nyuma yangu mama mmoja anauliza kama aingie yeye. Nimemwambia aingie.