Maziwa Hayakuharibu Gari

Mama mpendwa,

Chamgei? Natumaini magoti yamepoa na ng'ombe hawakusumbui. Huku Mombasa mwili wangu ni mzima, ila roho inanisuta.

Chebet dada yangu, tafadhali usimsomee Mama barua hii nyumbani. Ibebe mpaka kituo cha kupimia majani chai, uisome kwa sauti mkingoja lori. Nimeandika kwa Kiswahili ili Mama Achieng na majirani wengine waliotoka upande wa ziwa waelewe pia. Siku ile walikuwepo.

Mama, Desemba nilikuja na gari jipya, la bei ambayo naona haya kuitaja. Ulifurahi kuliko mimi. Ulichovya nyasi kwenye kibuyu cha maziwa ya mursik, ukanyunyizia usukani na kunibariki. Kesho yake nikikupeleka kliniki Kapkatet, gari likazima palepale kituoni. Taa zote zikawaka, honi ikalia yenyewe bila kukoma, milango ikagoma kufunguka. Wanawake wakaweka vikapu chini wakaja kutazama. Milango ilipofunguka nikakuambia mbele yao, "Mama, umeniharibia gari na hayo maziwa yako. Hii si ng'ombe." Ulirudi nyumbani kwa miguu, na magoti hayohayo, Mama Achieng akikushika mkono. Mimi nilibaki nikipangusa usukani.

Gereji niliwaambia ni maziwa. Wakasafisha, wakanirudishia. Wiki mbili baadaye likazima mbele ya ofisi, honi juu. Wakabadilisha kifaa fulani. Likazima tena, na tena. Kila mara nilisimulia habari za mama yangu na kibuyu chake, watu wakacheka, nami nikacheka nao. Hapo ndipo naona aibu zaidi. Kituoni nilikutukana kwa hasira, lakini huku nilikusema miezi mitano nikiwa nimetulia, na kikombe cha chai mkononi.

Mara ya tano fundi mmoja, mama wa makamo, alifungua dashibodi nikiona. Ndani kulikuwa kukavu kabisa.

"Hakuna tone lilifika hapa, bosi," akasema. "Hii gari ilitoka kiwandani na hii shida. Ziko zingine tatu hapo nje zinalia tu hivyo. Hizo pia zilimwagiwa maziwa?"

Halafu Chebet akaniambia vibuyu umeviweka darini tangu Desemba. Kwamba kijana wa Mama Achieng alipokuwa anaenda chuo waliomba umbariki, ukasema mkono wako unaharibu vitu vya watu. Nililia, Mama. Maneno hayo ni yangu. Wanasema mtoto akikunyea mkono, mkono haukatwi. Lakini mimi si mtoto, nina miaka arobaini.

Gari nimewarudishia walioniuzia, tunavutana nao bado. Mwezi ujao nakuja kwa basi. Nitashuka Kapkatet, nipitie kituoni kwanza niseme haya kwa mdomo wangu, ndipo nitembee njia uliyotembea.

Nisalimie mjomba anayetuchungia ng'ombe, na shangazi mwenye duka Siongiroi. Mama Achieng umwambie asante kwa kukushika mkono, kazi iliyokuwa yangu.

Teremsha kibuyu kimoja, Mama, ukipake mkaa ndani kama ulivyozoea kabla ya kutia maziwa. Nikifika nikute bado kiko darini, nitajua hujanisamehe, na nitaketi nje ningoje.

Mwanao aliyekukosea,
Kiprono