Miiko ya Chemchemi

Jumamosi, 7 Juni 2025

Likizo hatimaye! Nimefika nyumbani Endamarariek saa sita, bado ukungu haujaondoka. Nilitaka chai na kulala. Nimekuta ugomvi.

Kaka yangu Vedasto anataka kufyeka kijisitu cha chemchemi, pale mwisho wa shamba la marehemu baba. Apande vitunguu, aweke pampu. Anasema ni eneo letu. Serikali ya kijiji inasema si la mtu.

Na mimi ndiye niliyemwingiza Edgar! Mtafiti wa mimea, Mchaga wa Moshi, tulisoma wote chuo. Nilimtajia tu, katika maongezi, kwamba kwetu kuna miti isiyoguswa na mtu. Kumbe ameshaandikia kijiji barua. Anasema akipatikana mtu wa kuthibitisha kwamba pale ni mahali pa mila, kijiji kinaweza kupahifadhi. Mkutano ni Jumatatu ya tarehe 16.

Mtu mwenyewe wanayemtaka ni Mama. Amezaliwa hapa, ameolewa hapa. Bado hajakubali.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Mama ni mzee wa kanisa, alisoma somo la kwanza bila kukosea hata neno.

Tukiwa njiani nikamuuliza: pale chemchemi ni mahali pa mila au siyo? Akasema, "Ni miti." Basi.

Halafu tukazunguka nyuma ya shule, tope tupu, na viatu vya ibada. Njia fupi inapita kando ya chemchemi. Tangu utoto wangu tunazunguka. Siku zote nilidhani anaogopa nyoka. Kwa nini leo siamini hivyo tena?

Jumanne, 10 Juni

Nimeingia! Miaka thelathini na tisa, mwalimu wa baiolojia, na sijawahi kukanyaga mle ndani.

Edgar alitangulia. Mzee Clemensi, ambaye baba yake ndiye aliyekuwa akifanya tambiko pale, alitushika mkono penye utelezi. Msesewe. Mringaringa. Mkuyu ambao sisi watatu hatukuweza kuuzunguka kwa mikono. Vyura wanalia saa nne asubuhi! Edgar amehesabu aina arobaini na moja za mimea akapiga magoti kwenye matope kama anasali.

Mzee Clemensi akataja miiko. Ndani ya maji anakaa netlangw, pepo wa chemchemi, na netlangw hapendi uchafu. Kwa hiyo: hakuna panga, hakuna moto, hakuna kufua. Mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga asisogee.

Edgar aliandika yote, moja baada ya jingine, hakuinua hata kichwa. "Mwalimu, unaona? Hawa wazee walikuwa wahifadhi kabla yetu."

 

Jioni Vedasto akaniuliza kama vyura watamlisha. Si mtu mbaya. Mahindi yamemkaukia misimu miwili mfululizo, na ana watoto wanne. 

Ijumaa, 13 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tulikuwa tunachambua maharage. Nikamsomea Mama orodha ya Edgar, nikidhani itamfurahisha. Nilipofika kwenye ule mwiko wa mwisho mikono yake ikasimama.

Vedasto si mtoto wa kwanza wa Mama.

Kulikuwa na mwingine kabla. Aliishi siku kumi na moja. Baada ya hapo Mama akawekwa kwenye meta – kutengwa. Mwaka mzima! Asiingie nyumba ya mtu, asisalimiwe kwa mkono, asichote maji pamoja na wenzake. Chemchemi iko hatua mia mbili kutoka mlangoni pake. Yeye alikwenda korongoni, kule chini, akarudi na maji ya ng'ombe. Maziwa yalikuwa bado yanamtoka.

Nikasema: basi Mama, waache wafyeke! Hata mimi nitashika panga.

Akanikasirikia. Mimi! Akasema maji hayakumkosea, watu ndio walimkosea. Kisha akasema pia kwamba kama si miiko ile, chemchemi ingeshakuwa zizi zamani sana. Yote mawili, kwa pumzi moja. Akaendelea kuchambua maharage.

Vedasto hajui. Nimeapa kutosema.

Jumatatu, 16 Juni

Mkutano umekwisha. Au haujaisha.

Mzee Clemensi alisimama kwanza. Alieleza vizuri mno – watu waliheshimu maji, maji yakawaheshimu, hakuna aliyeumia. Makofi. Edgar alikuwa anang'aa.

Kisha Mama akanyanyuka. Gauni la kanisani. Kiswahili anakijua sana, lakini alisema Kiiraqw chetu, taratibu, akimwangalia Clemensi. Kwamba pale ni mahali pa mila, yeye ni shahidi. Kwamba usikatwe mti hata mmoja. Na kwamba alikatazwa maji yale akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, na aliyemkataza ni baba yake Clemensi, na mtoto wake aliyemzika aliitwa Tluway, kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha.

 Vedasto alitoka nje. Mchungaji akatazama chini. 

Edgar akaninong'oneza: amesemaje? Mwenyekiti akadakia haraka, "Mama amethibitisha. Mwalimu atakuandikia."

Sasa niko mezani kwa Mama na fomu ya Edgar. Ushahidi wa mila. Mistari mitatu! Nikiandika nusu, miti inapona na ninamfuta Tluway tena. Nikiandika yote, Vedasto ataisoma mbele ya kijiji: hii ndiyo mila mnayotaka kuihifadhi? Na atakuwa na haki. Na Mama mwenyewe amesema miti isikatwe!

Nimemuuliza niandike lipi. "Wewe ndiye uliyesoma," akajibu, akaenda kukamua.

Vedasto amekaa juu ya jiwe nje ya zizi, anamwangalia akikamua.  Edgar yuko getini, pikipiki inanguruma, anataka kuwahi Karatu.

Nimeandika jina la Mama. Kwenye mstari wa pili nimeandika Tluway, siku kumi na moja.

Umebaki mmoja. Edgar anapiga honi na Vedasto ameinuka, anakuja huku –