Farasi Ametoka Safi, Wewe Umefutika

Mamake Zuhura,

Sura yako imenitoka. Naanza na hilo maana ndilo lililonishikisha kalamu. Herufi hizi nimezipata ngumbaru, darasa la watu wazima, hapa Timbwani, na mkono wa koleo hauzoei kalamu. Nisamehe.

Sauti yako ninayo. Mwendo wako ninao, na tita la majani kichwani. Nikifika usoni, hamna kitu. Juzi Zuhura kaniuliza, "Baba, mama alikuwa na mwanya?" Nimeishi nawe miaka minane. Nikamwambia kachote maji. Mtungi ulikuwa umejaa.

Picha ninayo moja tu. Wewe hukuiona, lakini ile asubuhi waijua.

Nilikuwa saisi wa yule mzungu, nikiwasugua farasi wake wa mashindano na kuwatembeza, nawe ukiwakatia majani. Alfajiri maji yakipwa, mchanga ukikaza, wapandaji walikuwa wakiwakimbiza ufuoni. Siku hiyo akaja mpiga picha, Mgoa wa ng'ambo ya feri, suruali kaikunja hadi magotini. Bwana alitaka picha za farasi mbioni, miguu yote ikiwa hewani.

Ukapita na tita lako. Nikaona leo mke wangu apata picha ya bure. Nikakwambia, "Tua majani. Simama pale nyuma. Usitikisike."

"Nisimame kama mlingoti?"

"Picha haimtaki mtu wa kutikisika."

Ndivyo tulivyojua sote. Ukienda kupigwa picha mjini, hata pumzi waizuia.

Ukamtazama Mwinyi, yule farasi mwekundu tuliyempa jina hilo kwa maringo yake. "Na huyu je? Yeye hakuambiwa?"

Saisi wenzangu wakacheka. Mmoja akasema, "Shemeji, huyo hasikii Kiswahili." Mimi nikakukaripia mbele yao. "Simama, mwanamke."

Ukasimama. Mwinyi akapita mara nne, tano. Inzi wa farasi alikuuma shingoni na hukumpiga. Baadaye ukanionyesha uvimbe, ukaniambia hiyo picha isipotoka, nitalala na Mwinyi.

Kisha homa. Siku tatu tu. Zuhura alikuwa hajaacha ziwa.

Mgoa alipoleta picha, hitima yako ilikuwa haijapita wiki. Bwana alichagua barazani. Nzuri akaweka mezani, mbaya akatupa chini. Nikaomba moja katika nzuri, akanipa. Mwinyi ametoka safi, hata mshipa wa shingo waonekana. Nyuma yake ufuo wote umevutika kama wino uliomwagikiwa maji. Ndani ya wino huo mna kijipande cheupe, juu yake cheusi. Ndiwe.

Zile mbaya nilizizoa nikazichoma pamoja na samadi. Ilikuwa kazi yangu. Nilizitazama kwanza, wallahi. Mwinyi alikuwa kama moshi, hana miguu, hana kichwa. Nikasema hizi hazifai.

Jana nimevuka feri kumtafuta yule Mgoa dukani kwake. Bwana keshauza farasi, keshaondoka. Bendera mpya yapandishwa mwezi huu, watu wacheza ngoma njiani, na mimi napenya katikati yao na picha ya farasi. Nikamuuliza, mbona aliyesimama amefutika na aliyekimbia ametoka?

Akasimama, mikono machoni kama ameshika kamera, akageuza kiuno polepole. "Mzee, kamera yangu humfuata farasi. Anayekwenda nayo hutoka safi. Aliyesimama huvurugika."

"Alitikisika?"

"Hapana. Angetembea pamoja na farasi, labda angetoka."

Nikamuuliza kama anayo nyingine. Akasema, "Siku ile mkono ulinikwama mara mbili. Kamera ikisimama, farasi huwa moshi. Wa nyuma ndiye hutoka safi. Lakini zile zilikuwa mbovu. Nilimpa Bwana pamoja na nyingine. Filamu zake nilitupa."

Nikairudisha picha mfukoni. Akaniuliza kama nataka maji.

Mamake Zuhura, ulikuwa mkononi mwangu. Uso wako mzima, na mwanya wako, kama ulikuwa nao. Mimi nikatazama farasi. Kisha nikakutia motoni kwa koleo.

Mtoto sijamwambia. Picha yuaishika kila asubuhi, aweka kidole pale peupe, asema, "Shikamoo, mama." Kidole kimeanza kupachubua. Simkatazi. Nikimkataza itabidi nimwambie sababu, na sababu ni mimi.

Nimewauliza wenzio wa majani. Mmoja asema ulikuwa na mwanya, mwingine asema hukuwa nao, wagombana mbele yangu. Dadako angejua, naye keshakufuata.

Nakuomba moja. Nakuota, lakini wasimama kule mbali nilikokuweka, umebana pumzi, na uso huna. Ile amri nimeiondoa. Ukija tena, usisimame. Tembea. Njoo na tita lako, unipite karibu. Nikikukaripia, usinisikize.

Ni mimi niliyekusimamisha,
Babake Zuhura