Zile Laptop Mbili za Tunduma

Mwanangu Tumaini,

Kwenye simu tunaishia kusalimiana tu. Mtandao wa huko Saza hukatika kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, kwa hiyo nimeamua kuliandika. Wengine wakilisoma, wasome.

Unakumbuka siku tuliyotoka Nanyala kwenda Tunduma kutafuta laptop? Ulikuwa umepata kazi ya kuchora mashimo ya dhahabu, ya zamani na mapya, ili wachimbaji wajue kuna nini mbele yao. Sharti lilikuwa uende na laptop yako. Tungeweza kununua moja tu, na kama ingekwamia huko, watu wangechimba kwa kubahatisha.

Muuzaji alituwekea mbili mezani. Moja ilikuwa na kadi ya picha ya kampuni yenye nembo ya kijani, nyingine ya washindani wao wa nembo nyekundu. Nami, ualimu haujanitoka, nikaanza kufafanua. Kadi ya picha ni kama darasa zima linalogawiwa hesabu ndogondogo, kila mwanafunzi na yake, wakazifanya zote kwa pamoja. Ndiyo maana mchoro mzito unaweza kuugeuza huku na huku usikwame. Uliniacha nimalize, kisha ukachomeka diski yako, ukafungua mchoro uleule wa mashimo kwenye laptop zote mbili.

Ya kijani ilitangulia, tena kwa mbali. Nikamwambia muuzaji aifunge. Wewe ukaniwekea mkono begani.

“Baba, nyumbani kahawa tunaionjaje?”

Nilielewa hapohapo. Kahawa ya mashamba mawili tunaikaanga kwenye chungu kimoja, moto mmoja, halafu hatusemi neno mpaka vikombe vipoe, kwa sababu ikiwa ya moto hata mbovu huonekana nzuri.

“Basi ile tunasubiri ipoe,” ukasema, “na hizi tusubiri zipate moto.”

Tukakaa. Muuzaji aliwahudumia Wazambia kwa Kibemba, akarudi, akatukuta palepale. Akaniuliza kama nimekuja kununua au kusimamia mtihani wa taifa. Feni zikaanza kuvuma. Ile ya kijani, iliyokuwa nyembamba kama daftari, ikaanza kupunguza mwendo kila joto lilipozidi. Ya nyekundu, nene na nzito, ikaendelea vilevile kama ilivyoanza.

Muuzaji akataka kuicheka kampuni ya kijani, ukamkatiza kwa upole. Ulimwambia kadi haina kosa. Ingewekwa kwenye mwili mnene unaopitisha hewa, huenda ndiyo ingeshinda. Ulikuwa unanunua laptop ya kufanyia kazi kwenye joto la Saza, hukuwa unanunua nembo. Nimefundisha fizikia miaka mingi, na sijui kama niliwahi kumsikia mtu akitenganisha mambo mawili vizuri namna ile. Sikukwambia siku ile. Nilibeba tu mfuko wenye ile ya nyekundu, nikatangulia stendi.

Nakwambia leo kwa sababu juzi mchimbaji mmoja wa huko Saza alipita hapa Nanyala akielekea kwao Msangano. Aliulizia nyumba ya baba yake Tumaini, akakataa hata kukaa. Alisema walikuwa wanachimba kuelekea upande wenye mawe mazuri ya dhahabu, wewe ukawaita juu kwenye jua kali, ukawageuzia mchoro mbele ya macho yao mpaka wakaliona shimo la zamani lililojaa maji, karibu kabisa na walipofikia.

“Tulibishana naye sana, mzee,” alisema. “Laptop yake ilikuwa inaunguza mikono, lakini haikukwama. Akatuonyesha mara ya pili, na ya tatu. Tukageuza njia.”

Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaondoka.

Kahawa ya msimu huu imekauka vizuri kwenye vichanja. Sijaionja. Nitaikaanga siku utakayofika, tumimine vikombe viwili, halafu tukae kimya tukisubiri vipoe.

Ni mimi, baba yako, ninayejivunia wewe.